Andika kwa Kirefu: Vipeo katika Madarasa ya Ngara na Biharamulo

Mhadhara kwa walimu, wazazi na wanafunzi

Walimu wenzangu waliotoka Runazi na Nyakahura, najua wameamka kabla ya jogoo. Na ninyi vijana mliokaa nyuma, sogeeni mbele, maana shughuli hii ni yenu.

Nianze na ubao, ndio mahali ninapojisikia nyumbani. Naandika 2². Ngapi? Nne. Mmepata wote, hata mzee pale aliyesema Hisabati ilimshinda tangu enzi za Mwalimu.

Sasa tazameni kilichotokea. Anayejua kipeo ni nini amefanya mbili mara mbili, akapata nne. Anayedhani kwamba ile namba ndogo ya juu huzidishwa na ile ya chini naye amefanya mbili mara mbili, akapata nne. Anayedhani zinajumlishwa amepata nne vilevile. Watu watatu wana mawazo matatu, mawili kati yake ni potofu, na wote wamepata vema. Mwalimu anageuka ubaoni ameridhika, anaendelea na somo. Wiki mbili baadaye anasahihisha madaftari na kukuta 2³ = 6, ukurasa baada ya ukurasa, naye anauliza watoto hawa wamelogwa na nani.

Hawakulogwa. Tuliwafundisha sisi, kwa 2². Katika mifano yote ya vipeo sijui mmoja ulio mbaya kuliko huo, na ndio tunaouanza karibu kila mwaka. Anzeni na 5³. Hapo kosa halina pa kujificha: anayezidisha tano kwa tatu atapata 15, anayejumlisha atapata 8, na anayejua atapata 125. Majibu matatu yatatofautiana mbele ya darasa zima, na mazungumzo yataanza yenyewe.

Kosa la pili ni la maneno. Katika shule ya msingi tunamwambia mtoto kuwa 2³ maana yake ni mbili “kujizidisha mara tatu”. Mimi mwenyewe nimelisema hilo kwa miaka mingi bila kulisikiliza. Lisikilizeni leo. Andikeni 2 × 2 × 2, kisha hesabuni alama za kuzidisha: ni mbili, si tatu. Mtoto mwangalifu akifuata maneno yetu neno kwa neno atachukua mbili, aizidishe kwa mbili mara ya kwanza apate 4, mara ya pili apate 8, mara ya tatu apate 16. Tutampiga mkasi. Yeye ndiye aliyetutii, na aliyepata 8 ni yule ambaye hakutusikiliza. Kuna njia nyepesi ya kusema: namba ndogo ya juu inakwambia namba ya chini uiandike mara ngapi. Mbili iandike mara tatu, halafu katikati yake weka alama za kuzidisha. Basi. Maneno haya ni marefu kidogo, lakini hayamdanganyi mtu.

Na tukiwa bado kwenye maneno, mnajua jinsi lugha yetu ilivyotutegea hapa. Kipeo na kipeuo. Namba inapanda kwa kipeo, inashuka kwa kipeuo, na tofauti yake ni herufi moja, u, ambayo katika darasa la watoto themanini, mvua ikinyesha juu ya bati, haisikiki kabisa. Mwalimu anasema kipeuo cha pili cha 16, mtoto wa dawati la mwisho anasikia kipeo, anaandika 256. Kazi yake haina kosa. Masikio yake yamezidiwa na bati. Isitoshe, mtoto huyohuyo kwenye maumbo ameambiwa kwamba ncha ya pembetatu nayo ni kipeo.

Kisha anaingia kidato cha kwanza na lugha inabadilika. Hisabati aliyoisoma kwa Kiswahili kwa miaka yote ya msingi inaanza kufundishwa kwa Kiingereza. Kwa muhtasari tuliouzoea muda mrefu, vipeo na vipeuo vinamfikia kidato cha pili, na logi zinafuata nyuma yake. Sasa wanafunzi wanasema “pawa”. Ukimuuliza kijana wa Kabanga pawa ni nini atakwambia ni nguvu, ni chaji ya simu, ni umeme. Majibu hayo yote ni sahihi, na hakuna hata moja linalomsaidia kujua 5³ ni ngapi. Hapa Ngara wengi walianza maisha kwa Kihangaza au Kishubi, Biharamulo kuna Kisubi na Kisukuma, na wapo walioanza kwa Kirundi. Kiswahili ni lugha yao ya pili. Sheria za vipeo zinawakuta katika lugha ya tatu.

Sikuja hapa kufungua mjadala wa lugha ya kufundishia. Una wenyewe, na tukiuanza hatutakula leo. Nasema jambo dogo zaidi. Alama hazina lugha. 5 × 5 × 5 inasomeka Rulenge kama inavyosomeka London. Mwanafunzi aliyepotea katika maneno anaweza kurudi kwenye alama, mradi amezoeshwa kuziandika kwa kirefu. Hilo ndilo nililokuja kuliomba: kabla ya sheria, kirefu. Baada ya sheria, kirefu tena kila anapotia shaka.

Tuchukue sheria ya kwanza. Kitabu kinasema vipeo vya namba ileile vikizidishwa, jumlisha vile vipeo. Kijana anakariri. Upimaji wa kidato cha pili unafika, anakuta 3² × 3⁴, na kichwani kuna sauti mbili: moja inasema jumlisha, nyingine inasema alama ni ya kuzidisha, zidisha. Anachagua kwa bahati nasibu. Wapo wanaofanya 3⁸. Wapo wanaozidisha na namba za chini pia, wakapata 9⁶. Mwambie aandike kwa kirefu: 3 × 3, halafu × 3 × 3 × 3 × 3. Hesabu 3 ziko ngapi. Ziko sita. Kwa nini tunajumlisha? Kwa sababu tumehesabu vitu vya mafungu mawili, na kila mama mwenye mafungu mawili ya ndizi sokoni anajua namna ya kupata jumla yake. Sheria yenyewe ni kuhesabu tu. Tumeivisha koti na kuiita sheria, watoto wakaiogopa kama wanavyomwogopa mgambo.

Mtu aliyetupa namna hii ya kuandika, namba ndogo iliyopandishwa juu, ni Mfaransa René Descartes, katika kitabu cha jiometria alichokitoa mwaka 1637. Nampenda kwa jambo moja. Aliandika a³ na a⁴ kama sisi, lakini alipofika kwenye kipeo cha pili mara nyingi aliandika aa. Aliyeleta ufupisho mwenyewe, palipokuwa hapana faida ya kufupisha, aliandika kwa kirefu. Mwanafunzi wako akiandika 7 × 7 badala ya 7², usimkaripie.

Sasa nifike kwenye sifuri na hasi, maana hapa ndipo wengi wetu tulipoumia. Nilipokuwa shule, na shule sitaitaja, niliitwa ubaoni nifanye 2⁻³. Niliandika −8. Ilionekana sawa kabisa: kipeo cha tatu kinatoa 8, na ile alama ya hasi lazima iende mahali. Darasa lilicheka, mwalimu akaniandikia jibu sahihi, 1/8, akasema ni sheria. Nilikaa chini na sheria yangu. Miaka mingi ilipita kabla sijagundua kwamba jibu nilikuwa nalo mdomoni tangu utotoni.

Nendeni dukani na mche wa sabuni. Mche mzima ni moja. Muuzaji akiukata katikati anakupa nusu. Nusu akiikata katikati anakupa robo. Robo akiikata katikati anakupa nini? Wazee wanajua: thumuni, sehemu moja ya nane. Senti hamsini tulikuwa tukiziita thumni, na vijana wa leo hawajui hata sura yake. Nusu, robo, thumuni. Kiswahili, kwa msaada wa Kiarabu, kina jina maalumu kwa 2⁻¹, kwa 2⁻² na kwa 2⁻³. Kipeo hasi ni kisu cha muuza sabuni. Hakuna deni ndani yake, hakuna namba chini ya sifuri. Kuna kugawa tu.

Na sifuri? Shukeni ngazi pamoja nami. 2³ ni 8. 2² ni 4. 2¹ ni 2. Kila hatua tunagawa kwa mbili. Hatua inayofuata, 2⁰, ni 2 gawanya kwa 2, yaani moja: mche wenyewe kabla kisu hakijagusa. Endeleeni kushuka mtakuta nusu, robo, thumuni, zimejipanga bila kuamriwa. Atakayeniambia 2⁰ ni sifuri nitamwuliza sabuni imekwenda wapi.

Ngazi hii ni ya zamani. Katika karne ya 12, al-Samaw'al, mwanahisabati aliyezaliwa Baghdad, alichora katika kitabu chake cha aljebra jedwali ambalo lina moja katikati, vipeo vinapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, na akaeleza jinsi ya kuzidisha kwa kuhesabu hatua za ngazi. Alikiandika kitabu hicho akiwa kijana wa miaka 19. Vijana wa kidato cha sita mliopo hapa, nimeitaja miaka hiyo makusudi.

Sasa mazoezi. Walimu mtaniambia: maneno yako matamu, lakini unajua tuna wanafunzi wangapi? Najua. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza hadi kidato cha nne, watoto ambao zamani wangebaki nyumbani wameingia darasani, na hilo ni jema, ila madaftari nayo yameongezeka. Tuchukue mikondo miwili yenye wanafunzi 80 kila mmoja. Ukitoa maswali 20 umejitakia majibu 3,200. Hakuna peni nyekundu inayoweza. Kinachotokea tunakijua: tunapiga vema moja kubwa chini ya ukurasa, mwanafunzi anaondoka na makosa yake yote yakiwa salama.

Maswali 20 yenyewe mara nyingi yana ubovu mkubwa zaidi ya wingi wake. Juu pameandikwa sheria ya kwanza, na chini maswali yote ni ya sheria ya kwanza. Mwanafunzi anatazama mfano mmoja, anaiga mara ishirini, anapata yote, wala hajawahi kujiuliza ni sheria gani inafaa wapi. Ameshona kitufe kilekile mara ishirini. Mtihani haumtajii sheria. Baraza la Mitihani halijapata kuandika “tumia sheria ya pili” pembeni ya swali. Kuchagua ndiko kunakopimwa, na kuchagua ndiko tusikokufanyia mazoezi. Nchi nzima, kwa miaka mingi sasa, wanaofaulu Hisabati kidato cha nne hawafiki theluthi ya watahiniwa. Sisemi ni kwa ajili ya vipeo peke yake. Nasema vipeo ni mahali pazuri pa kuona ugonjwa ulivyo.

Mimi natoa maswali manne, na yanaonekana kama ndugu wa baba mmoja:

3² × 3⁴
3² + 3⁴
(3²)⁴
3² × 5²

La kwanza ni 3⁶, yaani 729. La pili halina sheria yoyote. Ni 9 kuongeza 81, 90, na mwanafunzi anayetafuta sheria hapo atajitengenezea ya kwake. La tatu ni 3⁸, 6,561. La nne namba za chini ni tofauti lakini vipeo ni sawa, kwa hiyo ni 15², 225. Maswali manne, maamuzi manne. Dawati moja linabadilishana madaftari na dawati jingine, kila asiyekubaliana na mwenzake anaandika kwa kirefu hadi mmoja asalimu amri. Wabishane kwa Kiswahili, jibu waliandike kwa Kiingereza cha mtihani. Baada ya siku tatu narudisha mawili ya namna hiyo, na baada ya mwezi swali moja, bila taarifa. Kusahau kidogo kisha kukumbuka kwa taabu kunashikilia zaidi kuliko kurudia jioni moja hadi mkono kuuma.

Jihadharini tu na namba 2 kwenye kujumlisha. Mjanja mmoja ataandika 2³ + 2³ = 2⁴, naye atakuwa amepata, maana nane mbili ni 16. Msifuni, kisha mpeni 3³ + 3³. Hapo ni 54, na 54 si kipeo chochote kizima cha namba 3. Nimeshawaambia, 2 ni namba ya hila.

Wazazi mnaulizwa mara chache katika mambo haya kwa sababu mnadhaniwa hamjui Kiingereza. Hamkihitaji. Mtoto akifungua daftari jioni, wekeni kidole kwenye swali mseme: nionyeshe kwa kirefu. Akiweza, ameelewa. Akibabaika, mwambieni arudi kwa mwalimu na swali hilohilo.

Mtaniuliza faida yake. Tuanze na deni. Hii mikopo ya kausha damu imefika hadi vijijini. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na riba inazaa riba. Kichwani anapiga: ishirini mara miezi kumi na miwili ni 240, kwa hiyo mwisho wa mwaka nitadaiwa 340,000. Kumbe kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.2, na mwaka ni 1.2¹². Miezi minne ya kwanza ni 1.2⁴, kama 2.07: deni limeshazidi mara mbili. Miezi kumi na miwili ni hiyo miezi minne mara tatu, yaani (1.2⁴)³, karibu 8.9. Anadaiwa zaidi ya 890,000. Amehesabu kwa kuzidisha mahali pa kipeo, kosa lilelile la 2³ = 6, ila safari hii peni nyekundu ameishika mkopeshaji, na anachukua mpaka godoro.

Au sensa. Mwaka 2012 Watanzania walikuwa 44,928,923. Mwaka 2022 walikuwa 61,741,120, na ongezeko likatajwa kuwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Je, namba hizo zinaelewana? Tunahitaji 1.032¹⁰. Asiyejua sheria atazidisha mara tisa. Anayejua atazidisha mara nne: 1.032 kwa yenyewe anapata kipeo cha pili, hicho kwa chenyewe kipeo cha nne, hicho kwa chenyewe kipeo cha nane, halafu cha nane kwa cha pili, kwa sababu nane na mbili ni kumi. Jibu ni 1.37. Zidisheni kwa watu wa 2012 mtapata milioni 61 na nusu na ushei. Zinaelewana. Sogezeni hadi miaka 22 mtakuta 1.032²² ni karibu 2 kamili. Kwa mwendo huo watu wanakuwa mara mbili kila miaka 22, mara nne kwa miaka 44. Madarasa nayo, mwalimu.

Mfano wa mwisho ni wa hapa, na nautoa kwa adabu, kwa sababu kuna waliouona kwa macho yao. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 wakaingia Ngara. Namba hiyo tumeisikia hadi imekuwa sauti tu. Tuiandike 2.5 × 10⁵. Siku moja ina sekunde 86,400, yaani 8.64 × 10⁴. Gawanyeni: 2.5 kwa 8.64 ni kama 0.29, na 10⁵ kwa 10⁴, tukitoa kipeo kwa kipeo, ni 10. Jibu ni 2.9. Watu karibu watatu kila sekunde, usiku na mchana, juu ya daraja moja, na kila mmoja na mzigo wake. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza niliweka chaki chini. Nilikuwa nimefundisha sheria ya kugawanya vipeo miaka mingi kwa herufi a, m na n, na sikuwa nimejua kwamba kilomita chache kutoka ubaoni kwangu ilikuwa na kazi ya namna hiyo.

Mlangoni mtakuta karatasi, kila mtu moja, mzazi na mwanafunzi na mwalimu mkuu pia. Ina maswali kumi, na majibu yote nimeshayaandika mwenyewe kwa mkono wangu. Moja nimelikosea makusudi. Chai iko tayari nje. Tukirudi nitataka kuambiwa ni lipi, na anayenijibu aje na chaki aliandike kwa kirefu.